Kugonga Mara Tatu

Mtaani walimwita Uzi, na jina hilo lilimkaa vizuri kuliko nguo zote alizowahi kujishonea. Alikuwa mwembamba wa kuzaliwa, si wa dhiki wala wa maradhi, ingawa watu hawakosi la kusema, na tena alikuwa fundi cherehani. Katika chumba chake, kati ya kitanda na cherehani, palibaki nafasi ya kupita mtu mmoja, na huyo mtu mmoja awe kama yeye. Hapo alibadilisha zipu, akafupisha suruali, akapunguza magauni ya waliokonda na kuachia ya walionenepa. Wateja walisimama mlangoni, wakaeleza shida yao, wakaenda zao. Mumewe alikuwa marehemu. Binti yake wa pekee aliolewa mbali, na simu zake zilikuwa za salamu tu: mama hujambo, sijambo, mtoto hajambo, haya mama, tutaongea. Hawakuongea.

Tuseme kweli, alikuwa mpweke. Watu hupenda kulifunika neno hili, husema fulani amezoea kukaa peke yake, kana kwamba upweke ni kiatu kitakacholegea kikivaliwa sana. Uzi hakuzoea. Akitoka kwenda dukani aliiacha redio inasema, ili akirudi akute sauti ndani.

Ukuta wa nyuma wa chumba chake ulipakana na banda la jirani, na humo bandani mlikuwa mkitengenezwa ndege. Si ya kuchezea, bali ndege hasa ya watu wawili, yenye mabawa na usukani. Mwenye ndege alikuwa mzee aliyetengeneza majokofu maisha yake yote, na watu walimwita Fundi tu. Kompresa zilikuwa zimemla masikio. Alipostaafu, wenzake walifuga kuku. Yeye akanunua michoro na mabati ya alumini. Mtaa ulicheka mpaka ukachoka. Walimwuliza ndege yake itaanza kutaga lini. Fundi hakuwasikia, na sijui faida nyingine ya uziwi zaidi ya hiyo.

Siku Uzi alipoingia banda lile kwa mara ya kwanza, alikwenda kugomba. Bunduki ya ribiti, chombo cha kushikanisha mabati, ilikuwa ikinguruma tangu asubuhi, ukuta unatetemeka, sindano inaruka mshono, na mezani pana gauni la harusi la mtu. Alikuwa ameyapanga maneno yake yote, makali yakiwa mwanzoni. Akamkuta Fundi amelala kifudifudi, mkono mmoja umezama ndani ya mkia wa ndege mpaka begani, shavu limebanwa kwenye bati, na mkewe amesimama pembeni anacheka huku amejishika kiuno.

"Amenaswa," mke wa Fundi alimwambia Uzi, kama watu waliojuana miaka. "Mimi amenikatalia nisiingie. Anasema nikiingia humo itabidi ndege ikatwe ndiyo nitoke."

"Sikusema hivyo!" Fundi alipiga kelele kutoka chini.

"Ulisema. Tena hukukosea." Mama yule alikuwa mnene na alijijua. Kisha macho yake yakauangukia mkono wa Uzi ulioshika mlango. "Fundi. Fundi! Toka humo uone mkono huu."

Hivyo ugomvi ukafa kabla haujazaliwa, na gauni la harusi likasubiri mpaka jioni.

Ribiti ina mambo yake, na kwa kuwa kisa chote kimeshikiliwa hapo, acha niyaseme. Ni kijiti cha alumini chenye kichwa upande mmoja. Unatoboa mabati mawili yaliyolaliana, unakichomeka, kichwa kinabaki nje na mkia wake unatokeza ndani. Aliye nje anakipiga kichwa kwa bunduki ya upepo. Aliye ndani ameuwekea mkia kipande cha chuma kizito ili usiwe na pa kukimbilia. Ukikosa pa kukimbilia unabonyea, unatanuka na kuwa kama kifungo cha shati, na mabati yanashikana mpaka siku ya kiyama. Ukipinda, ribiti ni mbovu: inatobolewa kwa drili, inatolewa, inapigwa nyingine. Kwa hiyo ni kazi ya watu wawili. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Ndani kabisa ya mkia wa ndege, pale mwili unapochongoka, bega la Fundi halikufika, na jicho lake pia halikufika kwa kuwa fremu, yaani mbavu za ndege, zilikinga. Mkono wa Uzi ulifika. Alilala chali juu ya ubao uliotandikwa blanketi, taa ndogo kifuani, pamba masikioni, ameshika kile chuma. Walikiita Mama Mkwe, kwa sababu kila anayekutana nacho hujikunja yeye, chenyewe hakitikisiki. Na kwa vile Fundi hasikii vizuri, waliwekeana ishara. Baada ya kila ribiti Fundi aliweka kiganja juu ya bati. Uzi aliupapasa mkia wa ribiti kwa ncha ya kidole, akaupima kwa kibati kidogo chenye tundu, kisha akagonga kwa kifundo cha kidole, hapo hapo chini ya kiganja. Mara moja: nzuri. Mara mbili: ongeza kidogo. Mara tatu: mbovu, itolewe.

Alijifunza upesi. Vidole vilivyotambua pindo lililokwenda upande kwa upana wa unywele havikushindwa na ribiti. Mke wa Fundi akaanza kumwita mdogo wangu, basi Fundi naye akamwita shemeji, na shemeji hapigi hodi mara mbili. Alikula nao mchana. Alikunywa nao chai, na wakati wa chai mama yule alisimulia habari za mtaa mzima, akiigiza sauti za watu, mpaka Fundi, ambaye hakusikia hata nusu, akacheka kwa kuona wenzake wanacheka. Uzi alirudi chumbani kwake na vumbi la alumini nyweleni, akalala bila kukumbuka redio. Nasema haya ili umwelewe, si ili umtetee.

Siku moja, kikombe mkononi, mke wa Fundi alisema, kama anayetaja mvua, kwamba kifungua mimba wao amewajengea nyumba huko anakofanya kazi, jirani na kiwanja kidogo cha ndege, na wao wanahama.

"Tunangoja mkia tu," alisema. "Ndege isiyofungwa mkia haibebwi kwenye lori, itapinda njiani. Mkia ukifungwa, lori linaitwa. Mdogo wangu, wewe ndiye uliyetushikia safari." Akacheka, akammiminia chai nyingine.

Uzi alirudi kwenye ubao wake ndani ya mkia. Fundi alipiga ribiti, akaweka kiganja. Uzi akapapasa. Ilikuwa nzuri, ya duara, imekaa sawasawa, na alijua hivyo kabla hajachukua kibati cha kupimia. Akagonga mara tatu.

Hakuwa amepanga. Kidole kiligonga naye akakisikiliza kama kidole cha mtu mwingine. Nje, Fundi alishusha pumzi, akachukua drili, akaitoboa ile ribiti nzima isiyo na kosa. Mkia wake ukamdondokea Uzi kifuani, ungali na moto. Aliutia mfukoni, kwa kuwa fundi cherehani hatupi kitu, na nyumbani akautumbukiza kwenye kopo la vifungo.

Uongo wa kwanza ulimnyima usingizi. Wa pili ulimnyima hamu ya chakula tu. Baadaye usingizi na hamu vyote vikarudi. Hakuzidisha: ribiti nyingi aligonga moja, kwa haki yake. Lakini kazi ilipoanza kukimbia, ilipoonekana fremu itakamilika kabla ya chai, aligonga tatu, Fundi akachukua drili, na kesho ikapatikana. Kuangusha ndege ya watu hakukuwaza hata mara moja. Alichotaka ni hiyo kesho.

Ila tundu linalotobolewa na kutobolewa tena hupanuka, kama tundu la kifungo katika shati la kila siku. Fundi ilimbidi atumie ribiti nene zaidi. Akaanza kupiga polepole, akikunja uso, akiufuta mkono kwenye suruali kila mara. Na lilikuwapo tundu moja karibu na ukingo wa bati, ambalo halikuwa na nafasi ya kupanuka. Hapo pia Uzi aligonga tatu. Drili ilipopita, ukingo ukachanika.

Fundi akazima kompresa. Mtu asiyesikia vizuri hajui kipimo cha sauti yake. Hunong'ona, na mtaa mzima hupata habari. Uzi, akiwa chali ndani ya mkia, alisikia kila neno.

"Mama, hii mikono imekwisha," Fundi alimnong'oneza mkewe.

"Imekwisha nini? Acha maneno yako."

"Wewe si umeona? Huko kwenye mabawa nilikuwa sipotezi ribiti. Sasa kila siku mbovu, kila siku mbovu. Natetemeka, wala sijijui kama natetemeka. Mtu asiyeweza kunyoosha bunduki atanyoosha usukani? Nikuweke wewe pembeni yangu, halafu nikuangushe?" Kisha akasema, "Kijana wetu akija aiuze kama chuma chakavu. Mimi basi."

Mkewe hakuwa na mzaha wa kumjibu. Tangu Uzi amjue, hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Uzi akabaki amelala pale, Mama Mkwe amemlalia tumboni kwa uzito wake wote, akaona haya mpaka masikio yakamwaka. Alidhani anaiba siku, kumbe ameiba mikono ya mzee wa watu. Na shetani hakosi neno: alimwambia anyamaze, kwa kuwa ndege ikifa huenda na safari ikafa, wazee watabaki, chai itaendelea. Neno hilo alilisikiliza. Alilisikiliza kwa muda mrefu kuliko ambavyo angependa niseme.

Kisha akajiburuta mpaka nje, akawapita bila kuaga. Walidhani amechoka. Aliporudi alikuwa na kopo la vifungo, akalimwaga lote juu ya meza ya kazi. Vikatawanyika vifungo vyekundu, vya bluu, vya makoti, na katikati yake mikia ya ribiti ikimetameta.

"Shemeji, pima," alisema kwa sauti kubwa ili asikike.

Fundi alichukua kibati cha kupimia. Akapima mmoja. Akapima mwingine. Akavaa miwani, akarudia wa kwanza, kisha akaipima yote. Yote ilikuwa mizuri.

"Nani alisema ni mbovu?"

"Mimi."

"Ulikosea?"

"Sikukosea."

Mzee hakumtazama Uzi kwanza. Alitazama mikono yake mwenyewe, mgongo kisha viganja, akainyoosha mbele yake kwenye mwanga wa mlango. Haikutetemeka. Ndipo akainua macho. "Kikulacho..." alisema, na methali hakuimalizia. Mbele ya mshonaji hakukuwa na haja.

"Kwa nini, mdogo wangu?" mkewe aliuliza.

"Mkia ukifungwa mnaondoka," Uzi alisema. "Na mimi kule kwangu hakuna anayenigongea hata mlango, isipokuwa ana zipu."

"Si ungesema? Ungesema tu. Kusema kunauma nini?"

Kwa Uzi kusema kulikuwa kunauma, na kugonga kulikuwa rahisi. Fundi akamwonyesha mlango kwa kidole. Hakumtukana, na ingekuwa afadhali angemtukana.

Siku zilizofuata Uzi alishona. Redio ilisema tangu asubuhi mpaka anapolala, na hakumbuki ilisema nini. Mteja mmoja alimwambia, "Umekonda, na mimi nilidhani haiwezekani," akangoja acheke. Ukuta wa nyuma ulikaa kimya. Kisha siku moja bunduki ikanguruma kidogo, chuma kikaanguka kwa kishindo, na Fundi akalaani. Alisikia mke wa Fundi akisema toa bega, toa bega kwanza. Halafu kimya tena. Uzi alikuwa ameacha kukanyaga cherehani, mkono wake mwembamba umelala juu ya kitambaa bila kazi. Kuisikia kazi yako ikifanywa vibaya upande wa pili wa ukuta ni upweke wa aina yake, na huo hakuwa ameujua kabla.

Fundi alikuja mwenyewe. Alisimama mlangoni, pale wanaposimama wateja.

"Ule ukingo nimeutia kiraka cha bati," alisema. "Umekaa vizuri. Mikono yangu mizima."

"Alhamdulillahi."

"Zimebaki ribiti za kule ndani. Bega langu halifiki." Akakohoa. "Sijakusamehe, shemeji."

"Najua."

"Basi njoo."

Akaenda. Lakini sasa Fundi alikuwa na kioo kidogo alichokifunga kwenye kijiti, na tochi. Kila Uzi alipogonga mara moja, mzee aliinama, akaingiza kioo, akatazama mwenyewe ndipo akapiga nyingine. Uzi alikuwa akikiona kile kioo kikichungulia juu ya kichwa chake, na ndani yake jicho la Fundi, na kila mara aliangalia pembeni. Chai yake ilisukumwa kwenye ubao, akainywa humo humo, ameegemea kiwiko. Alistahili, na kujua kwamba unastahili hakupunguzi kitu.

Siku ya mwisho lori lilikuwa limekwishaitwa. Ilibaki ribiti moja, ya ndani kuliko zote, nyuma ya fremu ambako kioo hakikuingia. Huko kulikuwa na kidole cha Uzi peke yake. Fundi alipiga. Kompresa ikapumua. Kiganja kikatua juu ya bati.

Uzi akapapasa. Mkia wa ribiti ulikuwa umelalia upande. Akapapasa tena. Akachukua kibati, akapima, akageuza, akapima. Mama Mkwe ameteleza kidogo tu, lakini ameteleza, na ribiti ilikuwa mbovu kweli.

Hapo alilala na hesabu yake. Akigonga moja, kila mtu atafurahi: lori litapakiwa, naye ataonekana amejirekebisha, huenda akasamehewa. Akigonga tatu, nani atamwamini? Mwongo hasadikiwi hata siku anaposema kweli. Watasema ameanza tena, na lori liko mlangoni. Akawaza yule mama mnene amekaa kwenye kiti cha pili, juu angani, anacheka.

Akagonga mara tatu.

Kiganja hakikuondoka. Nje dereva alipiga honi. Uzi akagonga tena, polepole, ili asidhaniwe amekosea hesabu: moja, mbili, tatu.

"Shemeji," ilisema sauti ya Fundi, "lori liko nje."

"Najua!"

"Ni kweli?"

"Ni kweli!"

Kiganja kikakaa hapo hapo kitambo. Halafu kiganja kikaondoka na drili ikaanza kulia. Mkia ule mbovu ukamdondokea Uzi kifuani. Akautoa kwa mkono kupitia mdomo wa mkia wa ndege, mke wa Fundi akaupokea, akampelekea mumewe pamoja na kibati cha kupimia. Fundi akachukua vyote viwili. Kibati akakirudisha mezani. Ule mkia wa ribiti akautupa kwenye ndoo ya taka bila kuutazama, akachomeka ribiti mpya.

Ilikaa vizuri. Uzi aligonga mara moja, kisha akalia humo ndani kwa muda, na hakuna aliyemharakisha atoke.

Giza likaingia, lori likalala hapo, wakapakia kesho yake asubuhi. Mabawa yalilazwa ubavuni yamefungwa magodoro, mwili ukakazwa kwa kamba, mkia ukatazama nyuma. Watu wa mtaa waliokuwa wakicheka walisukuma pamoja na wengine, wakitoa amri nyingi kuliko nguvu. Mke wa Fundi alimkumbatia Uzi mpaka mifupa ikalia. "Nitakupigia simu, tena si ya salamu," alisema. "Na utakuja. Tutakupandisha." Watu husema hivyo, na wakati wa kusema huwa kweli.

Uzi akarudi chumbani. Lori likaondoka, likafika mbele ya chumba chake, likasimama. Fundi alishuka upande wa dereva msaidizi, taratibu, akishikilia mlango. Akazunguka nyuma. Akanyoosha mkono, akaweka kiganja juu ya bati la mkia, pale pale, penye ile ribiti ya mwisho. Akangoja.

Uzi alitoka na futi ya kupimia ingali shingoni. Kazini kile kiganja alikuwa amekijua kwa joto lake tu, kupitia bati. Sasa alikiona, kikubwa, kimetulia, hakitetemeki hata kidogo. Nyuma yake mlango wa chumba ulikuwa wazi na redio inasema peke yake. Akakunja kidole, akakiweka karibu na kiganja cha mzee.

Alitamani kugonga mara tatu. Akagonga mara moja.